Lavenham, Mji Uliokosa Fedha za Kujibomoa

Hakuna treni inayofika Lavenham. Reli ilikuwapo tangu 1865. Treni za abiria zikasimamishwa 1961, za mizigo zikafuata 1965, na sehemu ya tuta lililobeba mataruma sasa ni njia ya watu kutembeza mbwa. Kwa hiyo anayetoka London hupanda treni Liverpool Street, hubadilisha Marks Tey, kituo kisicho na la kutazama, kisha huingia kitreni kifupi kinachokwenda Sudbury. Njiani hupita juu ya daraja la Chappel lenye matao 32, lililojengwa kati ya 1847 na 1849 kwa matofali yapatayo milioni 7, yote hayo ili kuvuka bonde la mto Colne ambao pale ni kijito tu. Kutoka Sudbury ni basi, katikati ya mashamba ya ngano ya mkoa wa Suffolk.

Nilifuatana na shemeji yangu anayeishi Colchester. Yeye ni fundi ujenzi. Kazi aliianzia Tanga akaiendeleza huku ugenini, na kutembea naye kwenye mji wa kale ni raha na taabu kwa pamoja, maana hawezi kupita ukuta bila kuugonga kwa kidole. Tuliposhuka basi High Street, nyumba ya kwanza iliyotukabili ilikuwa ya rangi ya chungwa na imelala ubavu kiasi kwamba dirisha la juu na mlango wa chini kila kimoja kinaelekea kwake. Aliitazama kimya kwa muda, kisha akasema, "Shemeji, nikimkabidhi tajiri nyumba hii, silipwi hata nusu."

Lakini yeye ndiye aliyenieleza kwa nini imelala. Seremala wa karne ya 15 aliuchonga mwaloni ungali mbichi, kwa sababu mwaloni ukishakauka hukataa patasi. Fremu nzima ilipimwa, ikakatwa na kuunganishwa kwanza uwanjani kwake. Kila kiungo kikachorwa alama, kisha vipande vikafunguliwa, vikabebwa hadi kwenye kiwanja na kuinuliwa. Viungo vinashikwa na vigingi vya mbao, si misumari. Ukisogea karibu na nguzo ukaitazama pale inapokutana na boriti, utaona mistari midogo iliyokwaruzwa kwa ncha ya chuma: miwili, mitatu, mmoja na kipigo cha msalaba. Ndizo namba za Kirumi za seremala, zikimwambia kijana wake kipande kipi kinaingia wapi. Baada ya hapo mbao zilikaukia ndani ya nyumba, mwaka baada ya mwaka, zikajikunja na kujinyonga, na nyumba haikuwa na budi kuzifuata.

Katikati ya nguzo hamna mawe wala matofali. Mna fito zilizosukwa, na juu yake udongo uliokandwa pamoja na mavi ya ng'ombe na majani makavu, kisha chokaa. Msomaji aliyekulia pwani hahitaji maelezo zaidi: hizi ni nyumba za kukandika. Shemeji alifurahi kupita kiasi. Kwetu nyumba ya miti na udongo ni ya mtu ambaye bado anatafuta, akipata huibomoa ajenge ya matofali ya saruji. Hapa waliozikandika walikuwa matajiri wa kutajwa nchi nzima. Utajiri wao haukuonekana kwenye udongo bali kwenye mbao. Nguzo zimepangwa zikikaribiana kupita mahitaji ya paa lolote, na ghorofa ya juu imesukumwa nje ikaning'inia juu ya barabara. Mwaloni ulikuwa ghali. Kuweka nguzo kumi mahali pa nne ilikuwa njia ya kumjulisha jirani hali yako bila kufungua mdomo.

Usitarajie mbao nyeusi tii na kuta nyeupe kama za kwenye kalenda. Rangi nyeusi ni mapenzi ya watu wa karne ya 19. Lavenham mbao nyingi zimeachwa na rangi yao ya majivu, au zimepakwa chokaa pamoja na ukuta wake, nyekundu ya kufifia hapa, manjano pale.

Fedha zote hizo zilitoka mgongoni mwa kondoo. Lavenham ilipata hati ya soko mwaka 1257, ikiwa chini ya ukoo wa de Vere, makabaila waliobeba cheo cha Earl wa Oxford. Soko la kawaida lisingeweza kujenga haya. Kilichoujenga mji ni nguo nzito ya sufu, hasa ya bluu, iliyojulikana sokoni kwa jina la mji wenyewe. Bluu ilitoka kwenye majani ya mmea uitwao woad, yaliyopondwa, yakaachwa yachachuke, yakakaushwa, kisha yakatiwa pipani. Mkojo nao ulikuwa na kazi yake katika shughuli hiyo, na mtu anayepita leo Water Street akinusa harufu ya keki ashukuru. Chini ya barabara hiyo upo bado mfereji wa matofali wa zama hizo, maji yakipita gizani chini ya miguu ya watalii.

Mfanyabiashara wa nguo alinunua sufu, akaigawa kwa wachambuaji na wasokotaji majumbani mwao, akaukusanya uzi akaupeleka kwa wafumaji, nao majumbani mwao, kisha akailipia kazi kwa kipande. Mali ilikuwa yake tangu kondoo hadi bandarini. Mfumaji alikuwa na mikono na kitanda cha kufumia. Katika makadirio ya kodi ya 1524 kijimji hiki kilishika nafasi ya 14 kwa utajiri Uingereza nzima, mbele ya miji yenye makanisa makuu na kuta za ngome. Leo kina wakazi wasiofika 2,000.

Tulipanda kwanza kanisani, mwisho wa barabara, kwa sababu mnara wake unakuita tangu ukiwa ndani ya basi. Kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo lilijengwa upya kuanzia miaka ya 1480 hadi karibu 1525, na waliolilipia hawakutaka kusahauliwa. Mmoja alikuwa John de Vere, Earl wa 13 wa Oxford, aliyeongoza kikosi cha mbele cha Henry Tudor katika vita vya Bosworth mwaka 1485 na kurudi na bahati yote iliyotokana na ushindi huo. Mwingine ni Thomas Spring, mfanyabiashara wa nguo, aliyehesabiwa kuwa miongoni mwa watu wenye mali nyingi zaidi nchini nje ya tabaka la makabaila. Alipofariki mwaka 1523 aliacha wosia wa pauni 200 za kumalizia mnara.

Mnara huo una mita 43, umejengwa kwa mawe ya gumegume yaliyopasuliwa. Ukiuzunguka chini utaiona nyota ya ukoo wa de Vere ikijirudia ukutani. Ukiinua shingo hadi ukingo wa juu kabisa, utaiona ngao ya akina Spring. Imechongwa huko zaidi ya mara 30. Ukoo wa Spring ulikuwa ndiyo kwanza unapata haki ya kuwa na ngao, na inaelekea hamu ilikuwa kubwa. Nimewahi kuona vibao vya wafadhili misikitini na makanisani kwetu, jina kubwa na aya ndogo, lakini hao ni wanafunzi tu.

Ndani kumetulia na kuna mwanga mwingi kuliko nilivyozoea katika makanisa ya zamani, maana fedha za sufu zilinunua pia madirisha. Pembeni ya sehemu ya madhabahu kuna viunzi vya mbao vya kuzungushia kaburi la Spring, vimetobolewa na kuchongwa majani, wanyama na watu wadogo kiasi kwamba shemeji aliinama akaacha kuzungumza. Juu mnarani kuna kengele nzito ya takribani tani moja iliyosubiwa na Miles Graye mwaka 1625, ambayo wapiga kengele wa Uingereza huisifu kwa sauti yake kuliko nyingi nchini.

Kengele za mnara huu zina kisa cha zamani zaidi ya hiyo. Mwaka 1525 mfalme Henry wa Nane alitaka fedha za kupigana na Ufaransa, na Kadinali Wolsey akabuni kodi ambayo Bunge halikuipitisha: theluthi ya mali kwa watu wa kanisa, sehemu moja ya sita kwa wengine. Kodi hiyo ilipewa jina la mchango wa kirafiki. Wafanyabiashara wa nguo wa Suffolk waliwaambia wafumaji wao kwamba wakiilipa hawatabakiwa na fedha za kuwapa kazi, na kazi ikasimama. Maelfu wakakusanyika Lavenham. Inasimuliwa kwamba walikubaliana kuinuka kengele zitakapolia, na kwamba mtu aliyejua hatari alikwishaondoa ndimi zake usiku, kengele zikawa bubu. Duke wa Norfolk alipowauliza kiongozi wao ni nani, msemaji wao alijibu kwamba ni Umaskini, yeye na ndugu yake Shida, ndio waliowaleta pale. Kodi ilifutwa. Viongozi wakapelekwa London, wakasamehewa. Ni nadra katika historia ya Henry wa Nane kukuta habari inayoishia hivyo.

Miaka michache tu baada ya fujo hizo, karibu 1529, wenye mali wa chama cha kidini cha Corpus Christi walijijengea Guildhall pembeni mwa uwanja wa soko. Ndilo jengo lililo kwenye picha zote za Lavenham: mbao za kijivu zilizopangwa kwa uroho, chokaa nyeupe, ukumbi wa mlangoni unaojitokeza mbele, nguzo ya pembeni iliyochongwa. Humo wanachama walikula karamu, walikubaliana mambo yao na kuombeana roho. Walifaidi kwa muda mfupi mno. Mwaka 1547, chini ya Edward wa Sita, vyama vya aina hiyo vilipigwa marufuku nchi nzima na mali zao zikachukuliwa na serikali. Jumba lenyewe halikuwa limefikisha hata miaka 20.

Maisha yake baada ya hapo ndiyo yaliyonishika. Likawa ofisi ya mji. Kuanzia 1689 likawa jela. Kuanzia 1787 likawa nyumba ya maskini, walipofungiwa wanawake na watoto wasio na wa kuwatunza, wakisokota uzi ili kulipia uji wao. Fikiria jambo hilo ukiwa umesimama chumba cha juu, sakafu ikikupeleka upande bila ridhaa yako. Chumba kilichojengwa kwa faida ya uzi uliosokotwa na maskini vijijini, kikarudi kuwajaza maskini wale wale wasokote bila kutoka. Uani kipo chumba cha mahabusu kilichoongezwa karne ya 19, kidogo kama choo cha shule, na karibu yake bustani ya mimea ya rangi: woad ya bluu na mingine ya kutoa nyekundu na manjano. Nilichuma kwa macho tu.

Mama mmoja wa kujitolea, mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alitusubiri tumalize ngazi kisha akatuongoza kwenye kabati la kioo. Ndani yake amelala paka. Amekauka, ngozi imeshika mifupa, meno nje. Alitueleza kwamba watu wa zamani waliweka paka darini wakati wa kujenga ili kuwazuia wachawi wasiingie. Alilisema hilo kwa aibu kidogo, akitazama kama tutacheka. Shemeji hakucheka. Alinigeukia akasema, "Kumbe na wao walizindika nyumba." Nilipomtafsiria yule mama, alitaka kujua sisi kwetu huweka nini, na mazungumzo yakachukua muda mrefu kuliko ziara yenyewe.

Tujiulize sasa kwa nini yote haya yangalipo. Jibu ambalo mtalii hulipenda ni kwamba Waingereza wanaheshimu mambo yao ya kale. Historia ya Lavenham haisemi hivyo. Katika nusu ya pili ya karne ya 16 wakimbizi wa kidini kutoka nchi za Uholanzi walihamia Colchester wakiwa na ufumaji wa nguo nyepesi, za bei nafuu, na wanunuzi wakaikimbia ile nguo nzito ya bluu. Mji ukafilisika polepole. Na mji wenye fedha hujibomoa wenyewe: kila kizazi chake hutaka matofali mapya, madirisha mapana, mtindo wa London. Lavenham haikuweza. Waliobakiwa na kidogo walibandika uso. Shemeji alinivuta ubavuni mwa nyumba moja yenye sura safi ya matofali ya karne ya 18, akaniwekea kidole pale matofali yanapokoma, unene wa kiganja, na nyuma yake mwaloni wa Tudor. Wengine walipiga lipu juu ya mbao zote kwa sababu zilikuwa zimepitwa na wakati, na lipu hiyo ikaja kubanduliwa baadaye na wajukuu walioziona tena kuwa nzuri. Anayeujua mji wa Lamu ataelewa haraka: biashara ilipohamia Mombasa, nyumba za mawe zilikosa wa kuzibomoa.

Karne ya 19 watu wa hapa walifuma chochote kilichopatikana. Walifuma singa za farasi kwa ajili ya viti, na walifuma usumba. Nilisoma kibao mara mbili. Makumbi ya nazi, katika nchi ambayo mnazi hauoti, yakisokotwa na kufumwa mikeka ya mlangoni na watu ambao mababu zao waliwavisha wakuu wa Ulaya.

Uhifadhi wa makusudi ulikuja umechelewa, na ulikuwa wa watu wachache wakaidi. Mwaka 1887 Sir Cuthbert Quilter aliinunua Guildhall ikiwa katika hali mbaya, akaikarabati. Tangu 1951 iko mikononi mwa shirika la hifadhi la National Trust. Mwanzoni mwa karne ya 20 jumba la kale la sufu lilivunjwa ili mbao zake zikajengwe kwingine, wenyeji wakapiga kelele mpaka zikarudishwa na kusimamishwa upya; leo ni sehemu ya hoteli ya Swan. Miaka ya 1960 nguzo za simu na umeme ziling'olewa na nyaya zikazikwa ardhini. Hili la mwisho hulioni mpaka uambiwe, ndipo unainua macho na kugundua kwamba anga juu ya barabara halina kitu.

Wakaidi niliowapenda zaidi ni ndugu wawili mapacha, Robert na Thomas Gayer-Anderson, waliozaliwa 1881. Miaka ya 1920 walinunua Little Hall, nyumba ya rangi ya manjano pembeni mwa uwanja wa soko yenye mbao za karne ya 14, ikiwa imegawanywa vyumba vya kupangisha familia kadhaa, wakaitengeneza. Robert alikuwa daktari wa jeshi aliyekaa miaka mingi Misri na kupewa cheo cha Pasha. Baina ya 1935 na 1942 aliishi Kairo katika nyumba mbili za kale zilizounganishwa, ubavuni mwa msikiti wa Ibn Tulun, akazikarabati kwa ridhaa ya serikali ya Misri. Nyumba hizo sasa ni makumbusho yenye jina lake. Paka wa shaba mwenye hereni za dhahabu aliye British Museum alikuwa wake pia. Mtu anaweza kuuliza, na ni haki kuuliza, paka huyo alitokaje Misri. Lakini mtu huyo huyo aliziona nyumba mbili zinazokaribia kuanguka, moja Suffolk na moja Kairo, akazitendea kwa mapenzi sawa. Ukiingia Little Hall na kukuta vitu vya Misri chini ya maboriti ya mwaloni, ndipo unapomwelewa.

Swan tuliingia kunywa chai tu. Ukutani mwa baa yake zimetunzwa saini za wanajeshi wa anga wa Marekani waliorusha ndege za mabomu kutoka uwanja ulio nje ya mji mwaka 1944 na 1945. Wengine waliandika wakaondoka asubuhi wasirudi. Jenerali Frederick Castle aliruka kutoka hapo mkesha wa Krismasi 1944, akaangushwa Ubelgiji akiwa ameshikilia usukani ili wenzake waruke.

Bei ya chai ilinikumbusha kwamba umaskini umekwisha Lavenham. Wenye fedha kutoka London wananunua vibanda vya wafumaji, na kazi kubwa ya mji sasa ni kutazamwa. Majengo zaidi ya 300 yako kwenye orodha ya kulindwa kisheria. Mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha hata dirisha bila kibali, na akikiuka ni jinai. Filamu ya Harry Potter ya 2010 iliutumia mji huu kuwa kijiji cha Godric's Hollow, na tangu hapo mbele ya nyumba iitwayo De Vere House hakukosi kijana anayepigwa picha na fimbo mkononi. Siwalaumu. Ila wengi hupiga picha wakageuka bila kufika Guildhall, na kumkosa paka.

Ukipata nafasi ya kwenda, epuka Jumapili za kiangazi. Hakikisha saa ya basi la kurudi Sudbury kabla hujaanza kutembea, na miezi ya baridi uliza kwanza kama Guildhall na Little Hall ziko wazi. Hizo mbili hulipiwa, na fedha yako haipotei. Kanisa ni bure, lakini lina kisanduku cha mchango. Tia chochote: akina Spring hawako tena kulipia paa.